Kuuza Vitabu vya Watoto Nyumbani kwa Njia ya Vikao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Moshi, Arusha na vitongoji vyake wanaotaka kuuza vitabu vya watoto bila kufungua duka, kwa kukutana na wanunuzi sebuleni kwa mtu. Bei zilizotumika katika mifano ni za kufanyia hesabu tu. Bei halisi utapewa na mchapishaji.

Biashara hii inaendeshwaje?

Inahusisha muuzaji, mwenyeji na wageni. Mwenyeji huwaalika ndugu, majirani na wanakikundi wenzake nyumbani kwake kwa saa moja na nusu hivi. Muuzaji huja na sampuli, huvisoma na kuvionyesha vitabu, kisha huandika oda na kupokea malipo, na baada ya siku chache huleta mzigo kwa mwenyeji ili kila mgeni achukue chake. Mwenyeji halipwi fedha taslimu. Hupewa vitabu vya watoto wake kulingana na mauzo ya siku hiyo, na kiwango ninachokipendekeza ni asilimia 10 ya mauzo.

Mzazi anayeingia dukani mwezi wa Januari huwa ameshika orodha ya mahitaji ya shule, na akimaliza daftari na sare hana tena muda wala fedha ya hadithi. Mzazi huyo huyo akiwa amekaa kwenye kochi la jirani yake, amempakata mtoto, anaweza kusikiliza kitabu kizima kikisomwa na akaona jinsi mwanawe anavyokinyooshea mkono. Ndiyo maana kikao huuza vitabu ambavyo duka linaviacha vikae rafuni.

Mtindo huu ulianzia wapi?

Ulipata umaarufu Marekani kupitia vyombo vya plastiki vya Tupperware, ambavyo mwaka 1951 viliondolewa madukani vikawa vinauzwa kwenye pati za nyumbani peke yake, chini ya uongozi wa Brownie Wise. Kwa upande wa vitabu vya watoto, kampuni ya Usborne ya Uingereza, iliyoanzishwa na Peter Usborne mwaka 1973, ilianza kuwa na wauzaji wake wa nyumbani mwaka 1981. Hapa kwetu akina mama wamekuwa wakiuza vitenge, mashuka na vyombo kwenye vikoba miaka nenda rudi, kwa hiyo kilicho kigeni ni bidhaa tu.

Je, huu si upatu wa kuwaibia watu?

Swali hili ni la haki, hasa kwa waliokuwapo mwaka 2009 wakati mpango wa upatu wa DECI ulipoanguka na watu wengi kupoteza akiba zao. Kuendesha upatu wa namna ile ni kosa la jinai nchini. Kipimo ni kimoja: fedha inatoka wapi? Kama kila shilingi unayoipata imetoka kwa mzazi aliyepokea kitabu, hiyo ni biashara ya rejareja. Kama sehemu kubwa ya kipato inatokana na viingilio vya watu wapya, au ukilazimishwa kununua boksi la vitabu kila mwezi ili ubaki na cheo chako, jiepushe, hata kama vitabu vyenyewe ni vizuri na anayekualika ni shemeji yako.

Nje ya nchi kampuni nyingi za mtindo huu humlipa muuzaji kamisheni pia kutokana na mauzo ya watu aliowaingiza. Kwa mtu anayeanza Moshi au Arusha sioni sababu ya kuiga sehemu hiyo. Soko lenyewe bado ni dogo, na wauzaji watano waliobanana Soweto au Njiro watabaki kugawana wateja wale wale.

Ninahitaji mtaji kiasi gani?

Mtaji wa kununulia sampuli, na si zaidi ya hapo. Nakala moja ya kila kitabu, vitabu ishirini hadi thelathini vilivyochaguliwa vizuri, vinatosha kwa miezi kadhaa. Tuchukulie kwamba bei ya jumla ni wastani wa shilingi 5,600 kwa nakala. Sampuli 25 zitakugharimu shilingi 140,000. Ongeza kitambaa safi cha kutandika mezani, daftari la oda lenye kopi, begi lisilopitisha maji na laini ya simu yenye lipa namba. Anayekushauri uanze na nakala mia mbili kwa sababu punguzo lake ni kubwa anakupunguzia mzigo wake mwenyewe ghalani.

Vitabu ninapata wapi?

Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na E&D Vision ni miongoni mwa wale wenye vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Piga simu, eleza kwamba wewe ni muuzaji wa rejareja Kaskazini, kisha uliza mambo manne: punguzo la jumla ni kiasi gani, linaanzia nakala ngapi, nauli ya mzigo inalipwa na nani, na je, wanakubali mali kauli. Kwa mali kauli unachukua vitabu, unauza, unalipa vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki. Mtu mgeni si rahisi kupewa utaratibu huo siku ya kwanza, lakini baada ya oda mbili tatu zilizolipwa kwa wakati huwa wanaufikiria.

Mzigo husafirishwa kwa basi. Mtumaji hukupa namba ya gari na picha ya risiti, nawe unaupokea stendi au ofisi ya basi, ambako unapaswa kufungua boksi na kuhesabu kabla ya kusaini. Usione aibu kumkalisha karani wa vifurushi dakika tano.

Pia kuna vitabu vya Kiingereza vya mitumba, vinavyopatikana mara moja moja masokoni na kwa familia za wageni zinazohama. Vinauzika kwa wazazi wenye watoto kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza, ila huwezi kuvichukulia oda, kwa kuwa kila kimoja ni nakala pekee. Viweke meza ya pembeni na uvitangaze kama vilivyotumika.

Nichague vitabu vya aina gani?

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea, kwa kuwa wanachagua wanavyovipenda watu wazima. Panga sampuli zako kwa umri wa msomaji. Watoto wa chini ya miaka mitatu wanahitaji kurasa ngumu, picha kubwa na maneno machache, kwa sababu kitabu chao kitatafunwa kabla hakijasomwa. Wa miaka minne hadi sita, yaani wa darasa la awali, wanasomewa na mtu mzima, hivyo sentensi inaweza kuwa ndefu kidogo mradi picha inaieleza. Wa darasa la kwanza na la pili wanajifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) shuleni na wanataka kitabu watakachoweza kukimaliza wenyewe: herufi kubwa, mistari mitatu au minne kwa ukurasa, maneno yanayojirudia. Kuanzia darasa la tatu wengi wanatafuta hadithi yenye sura na wanachukia kuonekana wameshika kitabu cha watoto wadogo.

Baada ya hapo shika kitabu chenyewe mkononi. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 16, 24 au 32 na vimeshonwa kwa pini mbili mgongoni. Fungua katikati na uvute ukurasa kidogo: ukiteleza kwenye pini, mtoto ataung'oa ndani ya wiki. Angalia rangi ya pini pia, maana mzigo uliokaa muda mrefu ghala la Pwani huweza kufika pini zimeanza kutu na kuacha madoa ya kahawia kwenye picha ya katikati. Inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Kama maandishi ya upande wa pili yanaonekana wazi, mtoto anayejifunza kusoma atachanganyikiwa. Kwa vitabu vinene vilivyogundishwa kwa gundi, vifungue kabisa mara moja usikilize kama mgongo unapasuka.

Kuhusu lugha, uwiano wangu ni vitabu viwili vya Kiswahili kwa kimoja cha Kiingereza, hata katika nyumba za Njiro na Shanty Town ambako mwenyeji atakwambia watoto wake hawasomi Kiswahili. Watoto hao hucheka kwa sauti kubwa zaidi kuliko wote hadithi ya Kiswahili inaposomwa vizuri, na mama zao wanasikia.

Kikao chenyewe kinakwendaje?

Jumamosi saa tisa alasiri au Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana ni nyakati nzuri. Siku ya kikao cha kikoba inafaa pia, kwa sababu watu wamekuja na fedha, ila omba nafasi kwa mwenyekiti mapema na ungoje hesabu zao zimalizike kwanza.

Fika nusu saa kabla. Tandaza vitabu kwa umri, majalada yakitazama juu, na weka bei ndani ya jalada la nyuma kwa penseli. Wageni wakiingia waache wavishike. Usisimame mlangoni ukieleza. Watakapokaa, baada ya salamu na mwenyeji kukutambulisha, chagua kitabu kimoja kifupi ukisome chote kwa sauti, ukiwageuzia picha watoto waliokaa mkekani. Usikielezee; kisome. Badilisha sauti ya fisi, tulia pale sungura anapojificha, na mtoto akikatiza kwa swali mjibu. Dakika sita za usomaji wa namna hiyo huuza kuliko nusu saa ya hotuba kuhusu umuhimu wa elimu, ambayo wazazi wa Kilimanjaro na Arusha hawaihitaji hata kidogo.

Kuna wauzaji wanaosoma hadithi na kuifunga kabla ya ukurasa wa mwisho ili mtoto alie na mzazi alazimike kununua. Siupendi utaratibu huo. Mzazi anajua amebanwa mbele za watu, na atanunua kitabu kimoja kwa kinyongo, asikukaribishe kwake.

Baada ya kusoma, taja vitabu vingine vitano au sita kwa sentensi mbili kila kimoja: ni cha umri gani na kinahusu nini. Kisha chai iletwe. Wakati wa chai ndipo wageni wanapokuita pembeni kuuliza, "Mwanangu yuko la pili lakini bado anasoma kwa kugonga gonga, nimchukulie kipi?" Swali hilo lijibu kwa sauti ya chini na kwa uaminifu, hata kama kitabu kinachomfaa ndicho cha bei ndogo kuliko vyote mezani.

Nitawapataje wenyeji?

Wa kwanza atakuwa dada yako, wifi yako au jirani. Kuanzia hapo kila kikao kinapaswa kuzaa kingine, na njia ya kawaida ni kumwuliza mgeni aliyenunua kwa furaha, kabla hajaondoka, kama angependa watoto wake wapate vitabu vya zawadi kwa kuwaalika wenzake. Panga naye tarehe palepale. Ahadi ya "tutawasiliana" haina tarehe, na kwa hiyo haina kikao.

Mweleze mwenyeji wazi kwamba hatakiwi kupika. Chai ya maziwa na maandazi yanatosha, na ni ustaarabu muuzaji kuchangia. Nyumba zikianza kushindana kwa pilau, wenyeji wenye kipato kidogo watajitoa bila kukwambia sababu.

Nitapata faida kiasi gani?

Tuchukue kikao cha kawaida chenye mauzo ya shilingi 160,000, yaani vitabu 20 vya shilingi 8,000, na punguzo la mchapishaji la asilimia 30. Vitabu vimekugharimu 112,000, kwa hiyo faida ghafi ni 48,000. Zawadi ya mwenyeji ni vitabu viwili vya jumla ya shilingi 16,000 kwa bei ya rejareja, ambavyo wewe umevinunua kwa 11,200. Nauli ya kwenda kikaoni na kurudi siku ya kupeleka mzigo, tuseme 6,000. Mchango wa vitafunwa 7,000. Bando na makato ya miamala 3,000. Kinachobaki ni shilingi 20,800, na hapo sijaweka nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam, ambayo ndiyo sababu oda za vikao viwili au vitatu zinapaswa kuunganishwa ziletwe pamoja.

Kiasi hicho si haba kwa kazi ya alasiri moja na ufuatiliaji wake, lakini hakitoshi kuacha ajira. Kinaongezeka kwa njia mbili tu: kupata punguzo kubwa zaidi kutoka kwa mchapishaji kadiri oda zako zinavyokua, na kufanya vikao vilivyo karibu karibu. Anayeishi Moshi mjini akakubali kikao cha Tengeru kwa wageni watano amefanya kazi ya nauli.

Wateja wakiomba kukopa?

Usikopeshe. Katika mfano wa juu, wageni wawili wakichukua vitabu vya shilingi 40,000 kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, deni hilo ni karibu mara mbili ya faida yako yote, na fedha ya kumlipa mchapishaji utaitoa mfukoni. Isitoshe, kumdai rafiki wa mwenyeji wako ni kumdai mwenyeji wako.

Badala yake mruhusu mteja adundulize: alipe kidogo kidogo kwa simu, umwandikie kila malipo kwenye daftari, na kitabu akipokee akimaliza. Kwa vikundi, mchezo wa vitabu unafanya kazi vizuri sana. Wanachama kumi wakichangia shilingi 5,000 kila mmoja kila baada ya wiki mbili, kila zamu mmoja wao huchagua vitabu vya shilingi 50,000, na muuzaji ana uhakika wa oda kumi mfululizo. Hata hivyo fedha ishikwe na mweka hazina wao, si wewe.

Je, ninahitaji TIN na leseni? Kodi ikoje?

TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA), na ni vyema kuwa nayo mapema, kwa kuwa mchapishaji anaweza kuihitaji kwenye ankara. Leseni ya biashara ni suala la halmashauri, yaani Manispaa ya Moshi, Jiji la Arusha au halmashauri ya wilaya unakoishi. Nenda ofisi ya biashara, eleza kwamba huna duka, uelekezwe kundi linalokuhusu.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi. Zingatia kwamba kinachohesabiwa ni mauzo, si faida. Ukivuka hapo, daftari lako la oda linakuwa na thamani ya fedha: kwa mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, na asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Aliyeuza vitabu vya milioni 5, basi, atalipa 30,000 akiwa na daftari. Viwango hivi hubadilika kupitia Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai 1, kwa hiyo viulizie upya ofisi ya TRA ya mkoa wako. Vitabu vilivyochapishwa vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani.

Naweza kuuza shuleni pia?

Unaweza kuomba, lakini hiyo ni biashara nyingine. Vitabu vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na vile vya ziada vinavyotumika darasani vinahitaji ithibati. Wewe unauza vitabu vya kusomwa nyumbani. Kama ni mwalimu, usiwauzie wazazi wa darasa lako mwenyewe. Watanunua kwa hofu ya alama za mtoto.

Ni miezi gani mizuri, na ipi ya kupumzika?

Desemba inazidi yote. Kilimanjaro hujaa watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi, na bibi ambaye wajukuu wake wanakuja kutoka Dar es Salaam atanunua vitabu vitano bila kuuliza bei mara mbili, hasa kama umefika Marangu, Machame au Kibosho kabla ya tarehe 20. Oda za Desemba zipeleke kwa mchapishaji Novemba. Likizo ya katikati ya mwaka ni nzuri pia, kwa sababu wazazi wanatafuta cha kuwatoa watoto kwenye televisheni. Msimu wa komunyo na kipaimara huleta oda za zawadi.

Januari usifanye kikao. Kila mtu analipa ada. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, punguza vikao vya mlimani. Barabara za vumbi huwa tope, wageni hawafiki, na vitabu vinalowa.

Je, niweke vitabu kwenye WhatsApp?

Weka majalada, bei na umri, si kurasa za ndani. Kupiga picha kitabu kizima au kusambaza faili lake ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na pia ni kumnyima mchapishaji sababu ya kukupa punguzo. Mteja akikuomba "nitumie PDF tu", mweleze kwa upole kwamba huna.

Picha za watoto kwenye kikao zisipandishwe popote bila ridhaa ya mzazi wa kila mtoto anayeonekana. Tangu Mei 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika, na hata isingekuwapo, kumwuliza mama kwanza ni adabu. Majina na namba za simu zilizo kwenye daftari la oda ni za kupelekea vitabu; usizigawe kwa muuzaji wa mafuta ya nywele.

Sampuli zikichakaa nifanye nini?

Ziuze kwa nusu bei mwisho wa mwaka, au mpe mwenyeji aliyekuletea mauzo makubwa. Usiwahi kumpelekea mteja wa oda nakala iliyopita mikononi mwa watoto wa vikao kumi.

Kitabu kikifika na kasoro?

Mbadilishie mteja mara moja kwa gharama yako, kisha umdai mchapishaji. Piga picha ya kasoro, ya jalada na ya ukurasa wenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), uzitume siku hiyo hiyo pamoja na namba ya ankara. Kurasa zilizorudiwa, zilizoachwa wazi au zilizofungwa kichwa chini ni makosa ya kiwandani na kwa kawaida hubadilishwa bila ubishi. Ukurasa uliochanika hubishaniwa, na ndiyo sababu boksi linafunguliwa stendi, mbele ya karani.